Dawa Zimefika, Njoo Uchukue

Jumatatu, 3 Machi 2025
Majaribio tena. Yale madogo, ya kipande kimoja kimoja cha programu, yamepita yote. Yale ya pamoja yamegoma: meseji itoke kwenye laibrari yetu, ile programu ya kutuma meseji, ipite kwenye seva, simu ijibu kwamba imepokea. Haijibu. Mara ya nne leo. Iringa mvua na baridi. Nimechoka.

Jumanne, 4 Machi
Seva ya majaribio haipatikani kabisa. Bosi anataka laibrari ikamilike Ijumaa, zahanati zianze kuitumia kuwaita wagonjwa wa presha dawa zikifika. Kaniuliza mara tatu, "Vipi, bado tu?" Nimemjibu vibaya. Sijutii.

Jumatano, 5 Machi
Jioni nimechoka kusubiri. Nimebadilisha anwani, nikayaelekeza majaribio kwenye seva nyingine. Yamepita! Kijani tupu kwenye skrini, juu mpaka chini. Nimekula chipsi mayai. Nakwenda kulala usingizi wa pono.

Alhamisi, 6 Machi
Nesi wa zahanati moja njia ya Idodi kapiga simu. Wazee tisa wako nje tangu asubuhi, kila mmoja ana meseji: "Dawa zimefika, njoo uchukue." Dawa hazijafika.

Ile seva ya jana ilikuwa ya kazi, yenye namba za wagonjwa wa kweli. Maneno yale niliyatunga mimi, ya kujaribia. Ndiyo maana majaribio yalipita, simu za kweli zilikuwa zinajibu. Aibu. Bosi anasema tuwatumie meseji ya samahani. Meseji! Nimemwambia naenda mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefika Idodi saa tano. Nesi kanizungusha kwa bodaboda nyumba kwa nyumba. Sikutaka watembee tena. Bibi Kalinga, mmoja wa wale tisa, alitembea mwendo wa saa mbili siku ile. Miguu bado imevimba. Kanisalimia kwanza kwa Kihehe, "Kamwene," kabla sijafungua mdomo. Nikaomba radhi. Akauliza dawa zinakuja lini. Nikasema sijui.

"Haya mwanangu. Dawa zikija kweli, nipigie. Hiyo meseji mimi sisomi tena."

Wengine wanane wamesema hivyo hivyo, kwa upole. Afadhali wangenifokea. Namba zao tunazo kwenye mfumo, lakini kila nyumba nimetoa daftari, nikaziandika upya kwa mkono, wakiangalia.