Sinywi, Naonja Tu

Jumanne, Novemba. Mvua tangu asubuhi, matope mpaka mlangoni. Sina hasira, sina machozi. Nimechoka, basi naandika.

Nina mimba ya miezi mitano. Hapa kwetu Panda mama mkwe wangu anapika lutuku, ile pombe kali ya mahindi, nyuma ya nyumba. Tangu aokoke hagusi tone. Kupika ni kazi, anasema, kunywa ndiyo dhambi. Lakini pombe lazima ijaribiwe. Ukiiwasha moto utajua ukali wake tu. Kama imeungua, ulimi ndio unaojua.

Ulimi ukawa wangu.

Kila pipa kijiko, mara nyingine viwili vitatu, tangu kabla sijajua nina mimba. Na ningeapa kanisani kwamba sinywi.

Leo kliniki daktari aliniwekea kifaa tumboni, tukausikia moyo wa mtoto. Unakwenda mbio. Nikacheka. Kisha akaniuliza kama nakunywa pombe. Nikamjibu, naonja tu.

Yeye hakucheka. “Mama, kuonja kila siku ni kunywa. Moyo ya mutoto inajijengaka mwanzo kabisa, mbele weye ujue kama uko na mimba. Pombe inaweza kuacha tundu mule. Kusikia inapiga, haiseme kama iko muzima.”

Akaongeza kwamba si lazima iwe hivyo, watoto wengi hutoka salama. Ila nisionje tena hata tone, na nikapigwe picha ya moyo huo Lubumbashi.

Naogopa. Hilo nalisema wazi.

Niliporudi, pombe ilikuwa inachuruzika. Mama mkwe akaninyooshea kijiko kama kawaida. Nikamweleza yote, nimesimama pale pale mvuani. Nilitegemea maombi, au ugomvi.

“Ni minye nilikuwa nakupatia,” akasema.

Kisha akakipeleka kijiko mdomoni mwake mwenyewe, mbele ya jirani yetu wa kanisani aliyekuja kujikinga mvua. Akameza, akakohoa. Jirani akaangalia chini.

“Mungu anihukumu minye. Mutoto amuache.”

Sijui kama Mungu hukubali kubadilishana namna hiyo. Sikumwambia hivyo.

Alhamisi tunakwenda Lubumbashi, yeye na mimi. Picha ikionyesha tundu, nitamtazamaje huyu mama?