Jogoo wa Bibi Kwenye Lango la Hifadhi

Jumanne, 17 Juni. Bariadi.

Nimefua sare za shule na kuanika. Nimepiga pasi. Nimepanga nguo za Mama na za Baba kwenye mabegi mawili, maana kila mmoja aliniletea zake kivyake.

Kesho tunaenda kulala kwa Bibi, Mkula. Keshokutwa tunakatiza hifadhi mpaka Karatu. Safari ya kutwa nzima. Baba ameazima gari la rafiki yake kwa sababu letu halitaiweza ile barabara.

Hii ni likizo yao, si yangu. Hawajawahi kusafiri kwa matembezi tangu waoane. Nimechukuliwa tu kwa sababu hapa mjini hatuna ndugu wa kuniachia.

Tangu Pasaka hawaongei vizuri. Baba alikataa kwenda kwa Bibi, akasema amechoka kwenda mahali asipopendwa. Mama akamjibu kwamba asiyemtaka mama yake hamtaki na yeye. Jana jikoni, huku anamenya viazi, Mama aliniambia tukirudi kama tulivyoondoka ataomba uhamisho. Atafanya kazi zahanati ya kwao, na mimi nitahama naye. Naogopa. Sitaki kuambiwa nichague.

Jumatano, 18 Juni. Mkula.

Pamba imejaa chumba kizima. Nitalala pembeni yake. Inanukia jua.

Bibi amezeeka kidogo. Kiswahili chake kifupi. Baba ni mtu wa Korogwe, na Kisukuma chake kinaishia kwenye salamu. Hata wangejua lugha moja wasingeongea sana. Kwa heshima ya huku mama mkwe hakai na mkwe wake. Bibi alikula jikoni, Baba sebuleni.

Dagaa tena. Baba aliitazama sahani, kisha akatazama uwanjani. Kuku wengi mno. Baadaye nilimsikia chumbani akimwambia Mama:

"Mume wa dada yako akija, kuku. Mimi miaka yote dagaa. Kosa langu kuswali?"

Nadhani Mama aliona aibu. Bibi hakwenda bomani siku walipofunga ndoa, hilo kila mtu analijua.

Alhamisi, 19 Juni. Lamadi, asubuhi.

Naandikia kwenye benchi la mama lishe. Tulipaswa kuwa mbali saa hizi.

Nianze mwanzo. Tuliondoka kwa Bibi alfajiri. Tumechelewa, Baba anawasha gari, Mama bado anapokea michembe, vile viazi vikavu, kwa mjomba. Bibi akaja upande wangu na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kamba. Akamweka mapajani mwangu, akaniambia maneno kwa Kisukuma nimfikishie Baba. Gari likaondoka. Nikafungua mdomo. Baba alikuwa anasema yeye hakuomba jogoo, Mama anasema zawadi haiombwi. Nikaufunga. Huwa natafuta nafasi kati ya maneno ya watu, siioni.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria. Langoni askari alichungulia dirishani, jogoo akawika.

"Mama, huyu naye mtalii?"

Nilicheka peke yangu. Mnyama wa nyumbani haingii hifadhini, hata kuku, hata akiwa amefungwa. Magonjwa. Askari alieleza kwa upole. Nyuma yetu magari yanajipanga.

Baba akasema apewe mtu yeyote, safari ni ndefu na lango la upande wa pili linafungwa jioni. Mama akasema zawadi ya mama yake haiachwi barabarani kama takataka. Twende tumrudishe.

"Kumrudishia mtu zawadi ndiyo heshima?"

"Kwa hiyo ipi ni heshima? Kumtupa?"

"Mara ya kwanza mama yako ananipa kitu, na hicho nacho kinanikwamisha."

Mama akashuka. Akavuta begi lake. Akasema yeye anapanda basi anarudi Mkula, Baba aendelee na likizo yake. Alisema taratibu kabisa. Hilo ndilo lililonitisha. Niliona hapo hapo nahama shule.

Nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Bibi amesema: Mwambie baba yako nimechoka kumlisha dagaa. Kisu changu hakimfai, na mkwe siwezi kumwambia achinje kwangu kama kijana wa kazi. Huyu aende naye, amchinje mwenyewe kwa dua ya kwao, ale nyama.

Baba alizima gari.

"Rudia."

Nikarudia. Aliniuliza kama Bibi alitaja dagaa kweli. Nikasema ndiyo. Dagaa hawachinjwi, Baba. Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa hatukuwa tunaenda popote.

Mama alikuwa hajui. Nilimwona usoni. Miaka yote alidhani mama yake anamnyima mumewe, akanyamaza asimuaibishe. Na Baba alinyamaza. Na Bibi mila ilimnyamazisha. Watu wazima hawa.

"Amekwambia lini?" Mama akaniuliza.

"Alfajiri."

"Na ukakaa nayo tumboni mpaka huku! Rehema wewe!" Akanipiga begani. Hakuniumiza.

Askari alikuwa bado amesimama. Akasema sheria inakataza jogoo, haikatazi kitoweo.

Kwa hiyo tumerudi nyuma mpaka Lamadi. Baba aliomba kisu, akauliza kibla, akaenda nyuma ya banda. Sijawahi kumwona akichinja. Mama ananyonyoa na mama lishe. Mama lishe anamwambia jogoo mzee huyu atahitaji kuni za harusi. Wanacheka. Begi la Mama liko ndani ya gari. Nilienda kuangalia.

Alhamisi, jioni. Karatu.

Tumefika giza linaingia. Vumbi mpaka masikioni. Nyumbu, twiga, tembo mmoja wa mbali. Nyani alikaa anatutolea macho tulipokuwa tunakula kitoweo chetu njiani. Nyama ilikuwa ngumu sana. Baba alikula mpaka akavunja mifupa. Hakusema ni tamu. Alisema, "Nilimkosea yule mama." Mama akasema, "Wote." Baada ya hapo Mama alimwekea Baba kipande cha mwisho. Nililala garini.

Ijumaa, 20 Juni. Karatu.

Baridi. Ukungu. Nimevaa soksi mbili mbili.

Baba alimpigia Bibi kupitia simu ya mjomba aliye kule Mkula. Mama alisema kwenye simu hawatazamani, kwa hiyo si vibaya. Baba alisema "wabeja", asante ya Kisukuma, akairudia, kisha akaishiwa maneno, akanipa simu. Bibi alikuwa anacheka. Anauliza kama meno ya mkwe wake yapo yote. Nikatafsiri. Baba akasema mwambie yapo, yanauma tu. Akaomba nimwambie pia kwamba tukirudi tutapitia tena, na safari hii kisu atakuja nacho mwenyewe. Bibi akasema aje.

Wazazi wametoka. Walisema wanaenda kutafuta chai. Chai iko hapa hapa, mhudumu wa gesti ameniletea birika zima. Nilifungua dirisha niwaite, nikawaona kwa mbali barabarani, wanatembea polepole, Mama anaeleza kitu kwa mikono. Ukungu ukawafunika.

Sikuwaita. Chai bado ya moto.