Jembe Siku ya Mazishi

Mwazye, 6 Novemba 2023

Mdogo wangu Dominika,

Habari za Pito, na wanafunzi wako? Sisi wazima, ila Mama anakula kidogo. Simu hupokei, ndiyo maana naandika.

Ijumaa, Baba hajazikwa, kijiji kizima kimeweka majembe chini, wewe ukaenda kulima matuta yake. Na chozi hukutoa. Sasa wanasema ulikuwa na haraka ya shamba, labda hata ya kifo. Ukoo unakaa Jumamosi tarehe 18. Uje useme uchungu ulikuvuruga akili. La sivyo watakukataza kukanyaga hapa nyumbani.

Kaka yako,
Wilibrodi

Pito, 9 Novemba

Kaka, shikamoo.

Mimi mzima, usingizi tu ndio hauji. Uchungu haukunivuruga. Baba aliacha kazi nusu, mvua inakaribia, nikamsaidia.

Nafundisha riwaya ya mtu anayehukumiwa kwa kukataa kuigiza huzuni. Kila mwaka nawauliza watoto: ungedanganya ili upone? Nikidanganya mimi, nitawatazama vipi?

Mdogo wako,
Dominika

Mwazye, 13 Novemba

Domi,

U mzima? Wewe na kitabu chako! Mama ananiuliza kila jioni, “Kasema anakuja?” Shangazi Stefania anapita nyumba hadi nyumba: “Msomi wetu machozi kayauza mjini.” Sema tu ulilia. Nani atapima?

Kaka yako

Pito, 16 Novemba

Kaka, shikamoo. Mama nisalimie sana.

Nililia. Jana, darasani, katikati ya sentensi. Watoto wakatoka wenyewe, hakuna aliyewaambia.

Usiwaambie wazee. Nikiyapeleka kikaoni, machozi hayo yatakuwa nauli ya kurudia nyumbani. Ni ya Baba. Siji.

Mdogo wako

Mwazye, 19 Novemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Huku hatujatulia. Kikaoni nilifungua mdomo niseme ulilia, nikanyamaza. Wamekukataza mwaka mzima.

Mama akatoka jikoni, anatafuta kandambili. Wazee wakamwambia mjane hatoki kabla ya arobaini. Shangazi akashika mlango: “Wifi, utatuaibisha!”

Mama akamjibu, “Yeye amekatazwa huku. Mimi sijakatazwa huko.”

Barua hii anakuletea mwenyewe. Kama watampokea akirudi, sijui. Mfungulie.

Kaka yako,
Wilibrodi