Kaka Amepotea, Lakini Koti la Baba Linamjua

Wewe msichana, hatimaye! Uliniandikia hapa gazetini ukilia habari za mtihani, nikakujibu kwa moyo wangu wote, halafu kimya. Hata kuniambia ulifaulu au ulifeli hukuona haja. Mimi huku nimebaki kuuliza, yule mtoto kaishia wapi? Kusoma sijui, ila kusubiri najua, na barua zenu nasomewa zote. Haya, wenzangu, msikieni kwanza, halafu nimgombeze vizuri.

*Bibi mpendwa, nisamehe kwa kupotea, safari hii naomba msaada wako kwelikweli maana kaka yangu ametoweka tangu mwaka jana na simu yake haipatikani, aliondoka siku ile baba, ambaye ni kinyozi na alikuwa akimfundisha kazi, alipomfokea mbele ya wateja kwamba mkono wake wa kushoto utakuja kumkata mtu sikio, kaka akaweka mashine mezani akatoka na hakurudi, na baba akasema asitajwe tena nyumbani, basi mimi nimemtafuta stendi, nimemtafuta hospitali, nimewauliza rafiki zake mpaka wananikimbia, na mama kila akiona kijana mrefu kwa nyuma anaharakisha ampite amwone uso, halafu juzi nilikuwa napiga pasi koti jeupe la baba la kazini nikaona mfuko umeshonwa kwa mkono na mishono yote imelala kushoto, Bibi, ninayemjua analaza uzi hivyo ni kaka peke yake, sare zangu za shule zikichanika alizishona yeye, nikamuuliza baba nani kamshonea, akasema "Fundi," akaninyang'anya koti hata halijapoa, na sasa ndiyo nakumbuka kwamba kila Jumatatu, siku asiyofungua saluni, anatoka na mfuko wa plastiki na hasemi aendako, na nguo zake siku hizi zinachanika mno mpaka mama anamuuliza, "Hivi wewe unanyoa watu au unapigana nao?" naogopa Bibi, huenda kuna jambo baya baba analijua anatuficha, je nimfuate kwa siri Jumatatu hii au nimwambie mama, na nikimwambia halafu isiwe kweli si nitakuwa nimemmaliza?*

*Mdogo Mtu*

Mjukuu wangu, sogea nikufute machozi, kisha nikufinye. Umekuwa mpelelezi wa kukagua uzi, ukasahau kumtazama mwenye koti. Kinyozi anashika mkasi na kitana, hachimbi mitaro. Nguo zake zinachanwa na nini kila mara? Anazichana mwenyewe, mtoto! Anazichana apate sababu ya kwenda kwa kaka yako, maana fundi mwenyewe ndiye huyo. Mdomo umemshinda kusema "nisamehe," basi anapeleka mfuko wa koti uliochanika. Na kaka yako anajua vizuri koti lile ni la nani, na bado analishona. Wanaume wawili wazima, mmoja anachana, mwenzake anaunga, hakuna anayefungua kinywa. Jamani!

Naweza kukosea? Naweza, sikuwapo. Lakini baya ninaloliona mimi silo unaloliogopa wewe. Baya ni mama yako kukimbilia migongo ya watoto wa watu barabarani, na mumewe anamwona, ananyamaza. Hilo simvumilii.

Kumfuata kwa siri usithubutu. Ukiwakurupua, kaka yako atahama tena, na baba yako atajifanya alikuwa anapita njia. Chukua gauni lako lililofumuka pindo. Kama huna, fumua. Mkute baba peke yake, mpe, mwambie, "Baba, mpelekee fundi wako na hili. Mwambie ni la mdogo wake." Halafu funga mdomo. Usilie, usiulize. Akikushangaa kweli, hujapoteza kitu, niandikie tutafute kwingine. Akilipokea na kuinamisha kichwa, umepata jibu. Hapo mwambie kwa adabu kwamba mama aambiwe leo hii, na aambiwe na yeye. Akilala bila kusema, asubuhi sema wewe. Akikasirika, mwambie umetumwa na bibi wa gazetini, aje agombane na mimi.

Na fanya haraka, maana gazeti hili linasomwa saluni kuliko mahali popote. Na wewe kinyozi, kama mteja anakusomea haya sasa hivi, weka mashine chini unisikie, baba. Mkono ule wa kushoto ndio unaokusitiri mwaka mzima. Jumatatu usiende na koti. Nenda na mama wa mtoto.

Nawe mjukuu, safari hii usinipotee. Siku utakayorudi hapa, sitaki uanze na shukrani. Anza kwa kuniambia nani alilia wa kwanza. Mimi nasema ni kinyozi.