Utumbo Waliukata, Ugonjwa Ukabaki

Baba Kidoti,

Wali uko kwenye sufuria, upashe tu. Kidoti aoge kwanza ndipo apewe biskuti, asikudanganye. Mimi niko kwenye darasa la jioni, narudi saa mbili usiku.

Majibu yametoka asubuhi. Ni ugonjwa wa Crohn, ule unaoweza kushika utumbo wowote, si mpana peke yake. Miaka saba tangu wanitoe utumbo mpana wote, wakanishonea kifuko cha ndani kwa utumbo mwembamba na kuniambia nimepona, leo daktari anasema, “Mama, huenda ulikuwa Crohn tangu mwanzo.” Alisema huku anamenya chungwa! Maji yakarukia picha za tumbo langu, akazipangusa kwa kiganja.

Mwaka mzima naenda chooni mara kumi na tano kwa siku, wao wanasema kifuko kimevimba tu, meza dawa. Wewe na dada yako mkasema ni pilipili. Miezi minne tumekula mboga kama maji ya kuoshea vyombo, kumbe pilipili haina kesi! Nimeirudisha mezani.

~~Usimwambie dada yako.~~ Mwambie, tena kwa sauti.

Jumatatu naanza sindano. Zikifanya kazi, kifuko kitabaki. Zisipofanya, narudi kuvaa mfuko wa choo nje ya tumbo, na huo naulilia tangu asubuhi. Lakini nina matumaini, kweli.

Ila safari hii usikae nje kwenye benchi. Ingia nami, uulize maswali. Nikiwa peke yangu na madaktari, huwa naitikia tu.

Mama Kidoti