King'amuzi, Kompyuta na Sauti ya Baba

Jumatatu, 16 Juni 2025

Mabawe. Nimefika jana kutoka Biharamulo, shule zimefungwa. Tanga la Baba linaondolewa Jumamosi. Kaka Fabiani ameshanipa kazi kabla sijapumzika — niunganishe king'amuzi kwenye kompyuta ya sebuleni. Televisheni ya Baba ina matundu mawili ya HDMI, moja limekufa, la pili kompyuta imelikalia. Na kompyuta haitoki, maana ndiyo itakayoonyesha wosia. Wageni nao wanataka mpira na Misa wakisubiri chakula. Haya, mwalimu wa fizikia, jionyeshe!

Nimekuja na kidude cha kunasia picha nilichonunua Mwanza. King'amuzi kinaingia kwenye kidude, kidude kinaingia kwenye kompyuta. Nimechomeka. Sauti ipo, picha nyeusi tii. Saa nzima nahangaika na rimoti mbili, moja kila mkono. Kumbe king'amuzi kinaficha picha kikihisi kwamba HDMI inakwenda kwenye kitu kinachoweza kurekodi. Nikarudi kwenye waya za zamani, nyekundu, nyeupe, njano, kidude kina matundu yake. Picha hiyo! Imefifia kidogo lakini ipo.

Dafroza aliingia na sahani ya viazi, akaiweka mezani, akatoka. Sikumshukuru. Aliishi na Baba miaka kumi na moja baada ya Mama kufariki. Ndoa ya kanisani hawakufunga. Sijawahi kumwita mama, na Krismasi moja niligoma kula chakula chake mbele ya watu wote. Ukoo mzima unajua simpendi.

Jumanne, 17 Juni

Asubuhi. Fabiani kapiga simu toka Rusumo, yuko mpakani na makaratasi ya malori yake. Anataka nirekodi Misa ya upadrisho wa padre mpya wa Ntobeye, ndugu waitazame Jumamosi. Kompyuta ikirekodi inakwamakwama. Nikachukua diski ya kwaya iliyokuwa juu ya meza, nikaichomeka moja kwa moja kwenye king'amuzi. Kikauliza kwa Kiingereza kama kiiandae diski upya, yaani kifute vilivyomo. Kwaya tunazo kwenye simu, bwana. Nikabonyeza OK. Nikaenda kuchambua maharage, kikarekodi saa mbili na nusu.

Mchana. Mungu wangu. Mungu wangu.

Nimefungua bahasha ya wosia ili nione tu kama kompyuta inaisoma ile diski. Ndani kuna kwaya. Nyimbo mia mbili za kwaya!

Niandike, labda kichwa kitatulia. Diski ziko mbili, nyeusi zote, Baba alizinunua siku moja. Maneno yake niliyarekodi mimi kwa simu, wodini, dakika nne. Tulikuwa wawili tu. Dafroza alikuwa nje anafua. Baada ya mazishi Mzee Thobias, mdogo wake Baba na mkubwa wa ukoo, aliamua mbele ya wazee: maneno ya marehemu yakae kwenye diski moja, yafutwe kwenye simu, asiyasikie mtu mpaka siku ya tanga. Hakutaka yazagae kwenye magrupu ya WhatsApp kama ya jirani yetu mwaka jana. Nikatii. Nikahamisha, nikafuta, nikachomoa diski, nikaitia kwenye bahasha. Sebule ilikuwa imejaa watu wanalia. Diski zote mbili zilikuwa zimechomekwa. Sikuangalia nimechomoa ipi. Mkono wangu mwenyewe!

Na Baba alisema nini? Alisema nyumba hii na migomba ya bondeni ni ya Dafroza mpaka afe, asisumbuliwe na mtu. Basi. Mengine yalikuwa salamu.

Ushahidi wote ulikuwa humo. Nani ataamini kwamba nimefuta kwa bahati mbaya? Mimi?

Jumatano, 18 Juni

Nimepanda bodaboda mpaka Ngara mjini na diski kwenye sidiria, kama mwizi. Fundi ni mtu mpole, ananiita mwalimu. Aliiunganisha, akatikisa kichwa. Nikajua. Akaeleza kwamba king'amuzi hupanga vitu kwa namna yake ambayo kompyuta ya kawaida haiielewi, lakini hilo si tatizo kubwa. Tatizo ni ile Misa. Imeandikwa juu kwa juu. Ningeichomoa palepale baada ya OK, labda angepata kitu.

Saa mbili na nusu. Mimi nikichambua maharage!

Nilimwomba ajaribu tena. Akajaribu, kwa kunihurumia nadhani. Vimetoka vipande vya faili visivyofunguka. Nimerudi Mabawe. Dafroza ameniuliza kama naumwa. Nikasema ni jua.

Alhamisi, 19 Juni

Sijala. Mzee Thobias kaja kukagua maandalizi. Shikamoo, marahaba. Kaizunguka kompyuta mikono nyuma, kaulizia nyaya, kauliza kama maneno ya kaka yake yako salama.

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Imetoka yenyewe. Naogopa nilivyoisema vizuri.

Ijumaa, 20 Juni

Fabiani karudi jana jioni. Leo asubuhi kaniita kwenye banda la mbuzi. Nikadhani ni mambo ya nyama.

Anajua. Aliwasha kompyuta alfajiri, wote tukiwa tumelala. Amejaribu diski zote mbili, moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye king'amuzi. Nyimbo za kwaya huku, Misa kule. Nikaanza kulia, nikamweleza yote, OK, bahasha, fundi wa mjini. Nilitaka anipige makofi, nasema kweli. Nilitaka apige kelele.

Akanishika bega. "Usiogope. Umetusaidia sana."

Nikamwangalia. Akaendelea taratibu, kama anavyowaelekeza madereva wake fomu ipi ianze. Kesho atatangaza kwamba mashine imegoma. Mzee Thobias ataniuliza mimi, kwa sababu nilikuwepo. Nitasema Baba alibariki watoto wake, akasema mali ibaki kwa watoto wake. Kwisha. Dafroza atapewa nauli na mbuzi wawili arudi kwao Ntobeye. Nyumba ni yetu, mimi na yeye.

Nikasema Baba hakusema hivyo. Akauliza alisemaje. Nikageukia mbuzi. Hakuniuliza tena! Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko Jumanne. Hataki hata kujua.

Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba nikileta maneno mengine watu watataka kuyaona kwenye skrini. Itabidi niseme nimefuta. Nimefuta wosia wa mzazi, nikamdanganya baba mdogo usoni, halafu nataka niaminiwe? Alisema yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kuuliza.



Jumamosi, 21 Juni

Saa nne. Misa imekwisha. Watu wamejaa mpaka uani, maturubai mawili. Mpira wa marudio unaonekana vizuri kupitia waya zangu, wazee wanasifu. Mwalimu kaweza, wanasema. Natamani ardhi inimeze.

Saa sita. Dafroza kanifuata jikoni. Nilidhani ataniuliza kuhusu wosia. Kasema ameshafunga mizigo yake, mabegi mawili na godoro, ili watu wasipate taabu ya kumfukuza. Anaomba jambo moja. Wakiwasha, nimwekee kiti mbele, kwa kuwa masikio yake siku hizi si mazuri.

"Nataka kumsikia tu," akasema. "Kisha nitakwenda."

Nilimpa mgongo. Nikajifanya nakoroga mchuzi.

Saa nane kasoro. Naandika chumbani kwa Baba, mlango nimefunga. Fabiani ametangaza. Kaizima televisheni, kasema mashine imegoma, watu wakaguna. Mzee Thobias akanigeukia. "Melania, wewe ulikuwepo. Tusimulie." Nikaomba dakika chache nikumbuke vizuri. Wamenipa. Nawasikia nyuma ya ukuta wanakohoa wakinisubiri.

Kuna kitu sijakiandika popote. Hakikuwa kwenye diski. Baba alikisema kabla sijawasha simu. Nilikuwa nimenuna, nikamwuliza kwa nini ananiita mimi, asimwite mtoto wake mkubwa. Akacheka kidogo, kifua kikambana. Akasema, "Kwa sababu wewe humpendi Dafroza. Ukisema wewe, wataamini."

Nilikasirika. Nikawasha simu kwa hasira.

Fabiani amegonga mara moja. Amegonga tena, ananiita jina langu la utotoni. Nimemjibu nakuja. Kupitia dirishani nimemwita mkewe, Nice, anayegawa maji, nikamwomba aniwekee kiti changu mbele. Kauliza mbele wapi, upande wa kaka yako?

Nikamwambia hapana. Kando ya mama.

Kauliza mama yupi. Nimemwonyesha kwa kidole. Bado ananitazama, kiti kiko mkononi, na Fabiani anafungua mlango —