Manjano ya Chumba Chako

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa Kiswahili cha shule, kile ulichokuwa ukinicheka kwamba nakitafuna kama muwa. Nivumilie. Nikikaa bure moyo unanienda mbio, ndiyo maana nimeshika kalamu na mikono ina tope bado.

Hapa Mabawe mambo hayakuwa mazuri. Tulipoanua matanga yako, shangazi alisema nyumba haiwezi kubaki na rangi ya marehemu. Akanunua chokaa, akapaka chumba chenu chote kiwe cheupe kama nyumba ya Bwana Shauri, yule mkubwa wa bomani. Hakuwa na ubaya, alipaka huku analia. Lakini baba alichungulia mlangoni, akasema hakijui chumba kile, na tangu hapo akawa analala jikoni. Mvua zimekaribia, paa la jikoni linavuja, na kifua chake nilipofika nilikisikia kikikoroma nikiwa uani. Mama, niliogopa nitawazika wote wawili.

Nilikuwa nimesharudi kwa mume wangu Bisibo; habari hizo ziliponifikia nikamuaga, nikatoka. Nilipopita Biharamulo nikamweleza yule mwenye duka wa kutoka pwani rangi ninayoitaka, manjano ya kuta zako. Akasema kwao huiita haradali, ila ya kopo hana. Basi nilipofika nyumbani nikaenda bondeni, kule ulikokuwa ukichimba udongo. Unakumbuka ulinikataza kuuonja, nikauonja, ukanifuta ulimi kwa nguo yako huku unacheka?

Nikachanganya na kinyesi cha ng'ombe na majivu, kama wewe. Ukiwa mbichi ulikuwa mweusi kama uji wa ulezi, nikaona nimekosea, nikaongeza majivu. Ulipokauka ukapauka kama uso wa mtu aliyetoka homani. Nikakwangua. Nikapaka tena, nikakwangua tena. Shangazi akaniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia labda.

Niliitaka ile manjano yako iliyoiva, iliyokifanya chumba kiwe na joto hata siku ya ukungu. Jana niliikaribia. Nikamwita baba. Akaja na fimbo yake, akautazama ukuta, nami nazunguka tu na kata ya maji mkononi, siwezi kutulia.

"Siyo yenyewe," akasema. "Ya mama yako ilikuwa na moshi wake."

Nikakaa chini, nikalia. Ni kweli, mama. Kila masika ulihamishia mafiga chumbani, na moshi wako wa miaka yote ulikuwa umeingia ukutani. Huo nitauchimba wapi?

Baba akaegemeza fimbo, akakaza shuka kiunoni, akatia mkono kwenye chungu cha udongo. Kwetu mwanamume hasiribi ukuta, unajua. Shangazi akageuza uso. Baba akapaka upande wa kitanda chenu, vibaya kabisa, mistari kila mahali, anakohoa na kupaka. Alipomaliza akanigeukia.

"Moshi nitautia mwenyewe," akasema. "Leta mafiga."

Alilala humo.

Lala nawe, mama. Kesho narudi Bisibo, na sijui kama nitatulia huko, lakini nakuahidi kila kiangazi nitakuja kusiriba. Kuta tatu nitazilainisha kama ulivyonifundisha. Ule wa kitandani sitaugusa, hata shangazi aninung'unikie vipi. Ukuta huo una alama za vidole vya baba.

Mwanao,
Anastazia